Jumapili Yetu Ianze Jumatano
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka 25

 

Wenzangu watawaeleza historia ya kwaya, sare na kinanda. Mimi nimeomba nizungumzie jambo moja tu: kazi ya kwaya katika kuwaandaa Wakristo kusali pamoja siku ya Jumapili. Nasema kuwaandaa, sisemi kuwaburudisha.

Tukumbuke tulikotoka. Wamisionari wa Mill Hill walifungua misioni ya Mumias mwaka wa 1904. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, na Wakristo wengi walifuata kimyakimya huku wakisali rozari. Tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya Kenya kupata Uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia. Hati hiyo iliagiza kwamba waamini wote washiriki ibada kwa kuitikia, kwa kuimba, na pia kwa kunyamaza wakati wa kunyamaza. Mwaka wa 1967 Kanisa likatoa maagizo mengine juu ya muziki mtakatifu: kwaya isijitwalie nyimbo zote na kuwaacha waamini bila sehemu yao. Kwa hiyo wimbo wa Misa ni haki ya Mkristo aliyeketi kwenye benchi la mwisho, kama ulivyo haki yetu tuliovaa sare.

Kukhu mmoja wa kigango hiki aliniambia Jumapili moja baada ya Misa: "Mwalimu, leo mmeimba vizuri sana. Lakini mimi nilikuja kusali, na ninarudi nyumbani bila kufungua mdomo." Alisema kwa upole, akanisalimia, akaenda zake. Wapendwa, neno hilo ni zito. Mtu anaweza kutembea kutoka mbali, akaketi saa mbili katikati ya sauti nzuri, na bado asipate mahali pa kuingiza sala yake.

Tatizo linaanzia wapi? Sote tunazijua Jumamosi za kwetu. Jumamosi ni siku ya mazishi. Kwaya hualikwa, nasi ni lazima twende, maana kuzika wafu na kuwafariji waliofiwa ni matendo ya huruma. Wengine huwa wamekesha matangani tangu Ijumaa. Tunarudi jioni sauti zimekauka, na hapo ndipo tunaanza kutafuta nyimbo za kesho. Wimbo unaopatikana haraka ni ule tunaoujua sisi wenyewe, au ule unaovuma redioni, hata kama hauhusiani na Injili ya siku hiyo. Daftari la mahudhurio ninaloliweka linaonyesha wazi: Jumamosi zenye mazishi, majina huwa machache.

Kwa sababu hiyo, tunapoingia mwaka wa 26, napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuhamishe zoezi kuu liwe Jumatano jioni, na kabla ya kuimba sauti yoyote, tusome masomo ya Jumapili: somo la kwanza, Zaburi, somo la pili na Injili. Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Masomo yetu yamepangwa katika miaka A, B na C, na kalenda ya Liturujia tunayo mapema. Hakuna Jumapili inayotujia ghafla.

Pili, tushirikiane na jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya hizi kuwa msingi wa uchungaji mwaka wa 1976, na hapa kwetu hukutana katikati ya juma kusoma Injili. Baada ya zoezi la Jumatano, kila mwanakwaya aende kwenye jumuiya yake na kiitikio cha wimbo wa katikati. Kiitikio ni mstari mmoja. Dakika tano zinatosha kukifundisha. Jumapili ikifika, watu watakuwa nacho mdomoni.

Tatu, zile sehemu ambazo ni za waamini wote, yaani Bwana Utuhurumie, Mtakatifu na Mwanakondoo, zisibadilishwe kila wiki. Tuchague mtindo mmoja kwa kipindi kizima cha Majilio, na mwingine kwa Kwaresima, mpaka hata watoto wazijue. Nyimbo zetu ngumu za sauti nne hatutaziacha. Zina nafasi yake, kwa mfano wakati wa matoleo au baada ya Komunyo.

Nne, dakika kumi kabla ya Misa kanisa liwe kimya. Kujaribu spika na kayamba kuwe kumekwisha. Anayeingia huenda ametoka kumzika ndugu jana. Mwingine ana mgonjwa hospitalini, au anafikiria karo na fedha za miwa. Apewe nafasi ya kuuweka moyo wake mbele ya Mungu. Na jumuiya zitupe majina ya wagonjwa na wafiwa wao mapema, ili Sala ya Waamini iwe sala ya watu wetu hasa, si maneno ya jumla tu.

Haya yote yanahitajika zaidi Jumapili zile Padre anapokuwa kigango kingine na Katekista wetu akiongoza Ibada ya Neno. Siku hizo hakuna Komunyo ya kila mara, lakini Neno lipo, sala ipo, na watu wapo. Wakikuta kwaya imejiandaa, hawatasema, "Leo hakuna kitu."

Zoezi la kwanza la mwaka mpya wa kwaya ni Jumatano ijayo, saa kumi na moja jioni, hapa hapa kanisani. Njoo na Biblia. Hata asiye mwanakwaya anakaribishwa, na daftari litakuwa wazi.