Vita na somo la sekondari: Mfano wa shule za FRELIMO



Nimeombwa niseme machache juu ya vita na masomo ya sekondari. Vita vikitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia majengo yaliyobomolewa na vijana walioweka kalamu chini wakashika bunduki. Hayo ni kweli. Lakini liko badiliko jingine lisiloonekana upesi kwa macho: vita hugeuza somo lenyewe. Hulazimisha swali ambalo wakati wa amani twaweza kuliahirisha miaka nenda miaka rudi: kijana huyu anasomeshwa ili amtumikie nani, na deni lake atalilipa lini?

Nitalieleza jambo hili kwa mfano uliotokea katika ardhi ya Tanzania, yaani shule za sekondari za FRELIMO.

ELIMU YA MTAWALA

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, chini ya uongozi wa Dakta Eduardo Mondlane, ambaye alikuwa amefundisha katika chuo kikuu huko Marekani. Mwaka 1963 ikaanzishwa mjini humo Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na mkewe, Bibi Janet Mondlane, ili vijana waliokimbia utawala wa Wareno wapate elimu ya sekondari.

Huko kwao elimu hiyo ilikuwa adimu. Tangu mapatano ya mwaka 1940 baina ya Ureno na Vatikano, masomo ya Waafrika walio wengi yaliachiwa misheni za Kikatoliki, na waliovuka darasa za mwanzo walikuwa wachache mno. Aliyebahatika kuendelea alikaririshwa wafalme wa Ureno, mito ya Ureno na reli za Ureno. Historia ya watu wake mwenyewe haikuhesabiwa kuwa elimu.

Hivyo badiliko la kwanza lilikuwa wazi. Ilibidi Msumbiji iingie darasani: ardhi yake, watu wake, na sababu za kutawaliwa kwao. Vitabu vya mtawala havikufaa, na wapigania uhuru wakaanza kuandika vyao wenyewe.

MGOGORO WA 1968

Kubadili vitabu kulikuwa rahisi kuliko kubadili matumaini. Tarehe 25 Septemba, 1964, vita vya ukombozi vilianza. Katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa, ng'ambo ya Mto Ruvuma, yakapatikana maeneo yaliyokombolewa, na maeneo hayo yakahitaji walimu, wauguzi na watunza hesabu. Uongozi ukataka kila mwanafunzi awe tayari kusimamisha masomo na kwenda kutumika huko.

Wapo wanafunzi waliokataa. Waliona kwamba wamevuka mpaka kwa taabu ili wasome, na kwamba taifa huru litahitaji wahitimu wa vyuo vikuu. Wengine walipinga kufundishwa kwa Kireno, lugha ya mtawala, wakataka Kiingereza, ambacho kingewafungulia njia ya masomo ya ng'ambo. Uongozi nao ulishikilia kwamba katika nchi yenye lugha nyingi, Kireno kitawaunganisha wananchi. Padri Mateus Gwenjere, aliyekuwa miongoni mwa walimu, aliwaunga mkono wanafunzi waliolalamika. Mwezi Machi, 1968, ghasia zilizuka na Taasisi ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi walikimbilia Kenya.

Ni rahisi leo kuwaita vijana wale wasaliti, na jambo likaishia hapo. Mwalimu hana budi kutazama zaidi. Walifuata fundisho ambalo shule za kikoloni zilikwisha kulipanda popote Afrika, kwamba cheti ni ngazi ya mtu mmoja kupanda peke yake. Somo la historia lilikuwa limebadilishwa. Fundisho hilo lilikuwa bado halijaguswa.

SHULE MPYA BAGAMOYO

Dakta Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari, 1969. Mwaka uliofuata Ndugu Samora Machel alichukua uongozi, na mwaka huo huo wa 1970 shule mpya ya sekondari ya FRELIMO ikafunguliwa Bagamoyo. Huko kazi ya mikono na elimu ya siasa viliwekwa pamoja na hesabu na sayansi. Mwanafunzi alijua tangu siku ya kwanza kwamba anachojifunza kinangojewa na watu ng'ambo ya mto. Kanuni za hesabu hazikubadilika, maana mbili na mbili ni nne hata vitani. Kilichobadilika ni jibu la swali, "Nazisomea nini?"

BEI YAKE

Hata hivyo, tusiishie katika sifa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni, 1975, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakujua kusoma, na Wareno walio wengi, mafundi na walimu wakiwemo, wakaondoka. Tarehe 8 Machi, 1977, Rais Samora aliwaambia wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari kwamba masomo yao ya kawaida yanasimama, nao watapelekwa kwenye kazi na mafunzo ambayo nchi inayahitaji. Wengi wakawa walimu wangali vijana wabichi. Hadi leo wanaitwa Kizazi cha Machi Nane.

Bila wao shule nyingi zingebaki bila mwalimu. Lakini tukumbuke kwamba mkulima aliyebanwa na njaa hula hata mbegu. Ataokoka msimu huu; msimu ujao atapanda nini? Yuko kijana aliyetaka kuwa mhandisi akapangiwa ualimu, naye hakuulizwa. Kisha vikaja vita vya RENAMO, vilivyokwisha kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba, 1992. Katika vita hivyo shule za vijijini zilichomwa na walimu wakauawa, na watoto wengi hawakupata somo lolote, la zamani wala jipya.

Ndugu walimu, vita viliwapa wenzetu swali sahihi, vikawanyima muda wa kulijibu kwa utulivu. Sisi tunaofundisha wakati wa amani tunao muda. Hatari yetu ni kulisahau swali. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayemaliza bila kuulizwa hata mara moja elimu yake ni ya nani, anaondoka na fundisho lile lile lililoifunga Taasisi mwaka 1968. Tumwulize mapema, naye tumpe nafasi ya kujibu, kabla haijafika siku ya kulazimishwa na mizinga.