Mwenye Kusahau Asisahauliwe

Jumapili ya Familia Takatifu
Somo: Yoshua bin Sira 3:2-6, 12-14



Katika Jumapili hii ya siku za Noeli, Mama Kanisa anatualika kuitazama Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Katika somo la kwanza, mwenye hekima Yoshua bin Sira anatufundisha namna ya kuwaheshimu baba na mama. Katikati ya mafundisho hayo ameweka jambo ambalo mara nyingi masikio yetu hulipita mbio: kwamba hata kama baba amepungukiwa na akili katika uzee wake, mwana amvumilie, wala asimdharau kwa kuwa yeye angali na nguvu. Neno hilo liliandikwa karibu miaka 200 kabla ya Kristo. Leo twapenda kulitafakari pamoja nanyi. Lakini mturuhusu tuanze mbali kidogo. Tuanze na mbwa.

Labda mtauliza, mbwa ana nini na Familia Takatifu? Vuteni subira.

Hapa Tunduru, nyumba yetu ya parokia ilikuwa na mbwa aitwaye Jeki. Aliletwa kwetu angali mtoto, na kwa zaidi ya miaka 10 alikwenda na walinzi wetu kulala dunguni, kulinda shamba la mahindi na mihogo. Mkulima wa wilaya yetu hana haja ya kuelezwa maana ya mbwa wa namna hiyo. Nguruwe mwitu waweza kula katika usiku mmoja jasho la miezi mingi. Na nyuma ya nguruwe, mara nyingine, huja simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika nchi yetu, hasa katika wilaya za kusini na za pwani, na baadhi yao walikutwa mashambani wakilinda mazao yao. Basi mlio wa Jeki usiku ulikuwa kwetu kama kengele. Akibweka, watu walijua la kufanya. Akinyamaza, watu walilala.

Alipofika umri wa miaka 13 akaanza kubadilika. Mwanzoni tulidhani ni ukaidi. Alikwenda mlangoni akasimama upande wa bawaba, akingoja mlango ufunguke pale usipofungukia. Mchana alilala, usiku alizunguka ua, akilia bila sababu. Alikojoa barazani, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto wake. Alitoka kwenda shambani kwa njia aliyoipita maelfu ya mara, akapotea. Jirani yetu mmoja Mwislamu, ambaye kwa taratibu za dini yake hujihadhari asiguswe na mate ya mbwa, aliturudishia mara mbili, akimwongoza kwa kamba ndefu. Tulipomshukuru, alitukumbusha kisa wanachosimuliana wao juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Kisha ikafika siku ambayo mpishi wetu, aliyemlisha miaka yote, alimwinamia ampe chakula, na Jeki akamngurumia kama mwizi.

Hapo maneno yakawa mengi. Wengine walisema ana kichaa. Wengine walisema amerogwa ili shamba la misheni liliwe. Nasi, wapendwa, hatuna budi kuungama mbele yenu. Tulichoka kukosa usingizi, tulichoka kuosha baraza kila asubuhi. Siku moja tulimpiga kwa fimbo, naye hakukimbia. Alitutazama tu, kama asiyejua fimbo ni kitu gani. Jioni ile tulikata shauri auawe. Kilichomwokoa hakikuwa huruma yetu. Mwenye bunduki alikuwa safarini.

Kabla hajarudi, tulimwita bwana mifugo. Aliuliza swali moja kwanza: mambo haya yalianza lini? Tukajibu, tangu mavuno ya mwaka uliopita. Akasema, basi si kichaa cha mbwa. Kwa maana mbwa mwenye kichaa, tangu dalili zitokeze, kwa kawaida hamalizi siku kumi. Tena Jeki alikuwa akichanjwa kila mwaka. Akampima macho, masikio, meno na tumbo, kisha akatuambia kwamba akili ya mbwa huyu inazeeka, kama izeekavyo akili ya binadamu. Wataalamu wameona katika bongo za mbwa wazee mabaki ya protini yaleyale ambayo daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliyaona katika ubongo wa mgonjwa wake mwaka 1906. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba mbwa 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na dalili moja au zaidi za hali hiyo. Na kwa wenye miaka 15 hadi 16, walikuwa 68 katika kila 100.

Hapa tuseme neno la tahadhari. Mbwa anayebadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeuma ovyo au kushindwa kumeza, msimshike. Waiteni wataalamu. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje. Kichaa cha mbwa kikishatokeza dalili kwa mtu, huua. Huruma haiondoi busara.

Jeki hakuwa na dawa ya kumponya. Bwana mifugo alitufundisha kumtunza tu. Chakula chake kiwekwe mahali palepale, saa ileile. Vitu vya barazani visihamishwehamishwe. Taa ndogo iachwe usiku. Aitwe kwa sauti ya upole kabla ya kuguswa, asije akashtuka. Jioni atembezwe kidogo kwa kamba, ili usiku apate usingizi. Tukafanya hivyo. Hakupata akili yake tena, lakini hofu ilimpungua. Na hofu ilipompungua, akaacha kunguruma.

Jioni moja mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alikuja kutoa nia ya Misa. Alimkuta mpishi akimwongoza Jeki taratibu hadi kwenye bakuli lake, akimwambia, “Hapa, baba, hapa.” Mama yule alisimama akitazama, kisha machozi yakamtoka.

“Baba Padre,” akasema, “msinicheke. Mzee wangu yuko hivyohivyo.”

“Tangu lini, mama?”

“Huu mwaka wa tatu. Nikienda shamba namfungia ndani. Usiku hutoka, hutembea. Watu wakimwona watasema anawanga.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mbwa wenu mmemwitia bwana mifugo. Mzee wangu nimwitie nani?”

Wapendwa wasikilizaji, swali hilo lilituchoma moyo. Nyumba ya mama yule haiko mbali na kanisa. Tuliambiwa kwamba mzee anaumwa miguu, nasi tukaridhika, kwa maana aliyeambiwa jambo dogo hana haja ya kuingia ndani. Mlango ule ulifungwa kwa kufuli mchana kutwa, na sisi tulikuwa tukipita njiani na Rozari zetu mkononi.

Wala mzee yule si peke yake. Leo watu zaidi ya milioni 55 duniani wana ugonjwa huu wa kusahau ambao madaktari huuita demensia, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Wala tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanywa vijijini wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, uliona kwamba wazee sita hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao. Wako katika vijiji vyetu pia. Ila sisi tumewapa majina mengine. Tunasema mzee amekuwa mkorofi, bibi amekuwa mchawi. Katika nchi yetu wako wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa sababu ya macho mekundu na mwenendo usioeleweka. Tulimdhania mbwa kuwa ana kichaa kwa kutojua. Ni wangapi tumewadhania kuwa wachawi kwa kutojua kulekule?

Tulikwenda na mama yule hadi hospitali. Daktari alitafuta kwanza magonjwa mengine yawezayo kuivuruga akili ya mzee na ambayo yanatibika: homa, upungufu wa damu, shinikizo la damu, dawa alizokuwa akimeza, huzuni. Kisha akatueleza hali yenyewe ilivyo. Tuliporudi, jumuiya ilikutana. Wakaelezwa wazi, na mwenyekiti wa kitongoji akiwapo, kwamba mzee ni mgonjwa, wala hawangi. Wakapangana zamu, wawili wawili, kukaa naye mama anapokwenda shamba. Siku hiyo kufuli liliondolewa.

Tulimwuliza mama yule, je, haumii kwamba mumewe hamjui tena? Akajibu, “Zamani aliniita mke wangu. Sasa ananiita mama. Basi nimekuwa mama yake.”

Jeki alikufa mwezi wa Desemba, kabla ya mvua za kwanza, chini ya mwembe wa uani. Tulimzika palepale. Wapo waliotucheka, na hatukuwajibu.

Ndugu wapendwa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha mambo mawili kwa pamoja katika ibara ya 2416 hadi 2418. Wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tunawiwa kuwatendea wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Lakini vilevile si sawa kuwapa wanyama mapendo wanayostahili binadamu peke yao, au kutumia kwao fedha iliyotakiwa kumwokoa maskini. Mnyama anayeteseka pasipo matumaini, bwana mifugo anaweza kumpumzisha. Maisha ya mwanadamu hayana ruhusa hiyo, hata akiwa amesahau jina lake mwenyewe, kwa kuwa ni sura ya Mungu. Mama yule hakutulaumu kwa kumtunza mbwa. Alituuliza tu kwa nini huruma yetu ilisimama kwenye baraza letu.

Katika kitabu cha Tobiti twasoma juu ya baba mzee aliyepofuka, na mwanawe Tobia aliyesafiri mbali, akarudi na dawa ya kumponya macho. Na tukisoma vizuri tutaona kwamba mbwa wa nyumba ile anatajwa mara mbili, akifuatana na kijana katika safari. Biblia haitaji jina lake wala kazi aliyoifanya. Alikuwa wa nyumba ile, basi akahesabiwa. Katika nyumba inayomhesabu hata mbwa wake, baba kipofu hasahauliki.

Ndiyo maana twasema kwamba kumtunza mnyama aliyezeeka kwaweza kuwa chuo. Alipokuwa analinda shamba tulimlisha, naye alitulipa. Hiyo ilikuwa biashara. Alipoacha kulinda, akaacha hata kutujua, ndipo ilipojulikana kama tulikuwa na mapendo au la. Na mzazi je? Baba anapolipa ada, anapogawa korosho baada ya mauzo, nyumba yake hujaa watoto. Anapouliza swali lilelile mara ya kumi, nyumba yake hubaki na mkewe tu. Yoshua bin Sira anasema kwamba wema atendewao baba hausahauliki mbele za Mungu. Mzee atasahau, Mungu hatasahau. Nabii Isaya, katika sura ya 49, anatuambia kwamba hata kama mama angemsahau mtoto wa tumbo lake, Mungu hatatusahau sisi.

Mwaka 2021 Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai. Tusingoje Julai. Juma hili kila jumuiya ijiulize: katika nyumba zetu, ni mlango upi uliofungwa kwa kufuli mchana? Makatekista, mnapopeleka habari za wagonjwa parokiani, msiishie kwenye miguu inayouma, ingieni ndani. Watoto, babu akiuliza mara ya kumi, mjibuni mara ya kumi. Na ninyi mnaomtunza mgonjwa wa namna hii peke yenu, semeni. Ugonjwa huu hauna aibu.

Yosefu na Maria walimtafuta Mtoto Yesu siku tatu, wala hawakurudi nyumbani bila yeye. Watuombee moyo wa kuwatafuta wazee wetu waliopotea njiani, hata kama wamepotea wakiwa ndani ya nyumba zao.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.