Kugeuza Katiba ya Chama

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la reli



Sote tumepokea karatasi ya mapendekezo ya kugeuza katiba ya chama, yatakayoletwa katika mkutano mkuu. Wengi wetu tumeikunja na kuitia mfukoni. Tafadhalini, tuikunjue, tuisome.

Katiba ya chama yaweza kugeuzwa. Kazi hubadilika, na sheria ya zamani huweza kutubana kama kiatu cha utotoni. Tena Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chakipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujiamulia uendeshaji wake. Lakini haki hiyo ni ya chama kizima, si ya watu watano waliokaa ofisini. Kwa hiyo tuna maswali manne ya kuuliza.

La kwanza, je, taarifa ilitolewa kwa muda unaotakiwa na katiba yetu, pamoja na maneno yenyewe, ya zamani na mapya? Mtu hawezi kupigia kura neno asiloliona.

La pili, je, waliohudhuria wanatimiza akidi? Wahesabiwe, wasikadiriwe kwa macho.

La tatu, theluthi mbili ya nani? Tufanye hesabu. Tuseme chama kina wanachama 300, na akidi ni 100. Wakija 100 tu, na katiba ikisema theluthi mbili ya waliohudhuria, basi watu 67 waweza kuwageuzia sheria wote 300. Ikisema theluthi mbili ya wanachama wote, zatakiwa kura 200. Ni maneno machache tu, na tofauti yake ni kura 133.

La nne, je, Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi amepelekewa? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yatoa siku 14 baada ya chama kumaliza utaratibu wake. Mabadiliko hayana nguvu mpaka yaandikishwe. Sisi wa reli twajua: gari halitoki stesheni kabla ya kupewa njia, hata abiria wakipiga makofi.

Sasa tazameni pendekezo la sita. Leo katiba yetu yasema katibu wa tawi huchaguliwa na "wanachama". Wanataka kuandika "wajumbe". Neno limeondoka, neno limeingia, na kura ya mfanyakazi wa karakana imekwenda nalo. Sababu waliyotoa ni gharama za uchaguzi. Ni kweli uchaguzi una gharama, nasi ndio tunaolipa kwa ada zetu. Lakini katibu akilala na malalamiko yetu yakalala naye, tutamwondoa kwa kura gani?

Shauri letu ni hili. Tusisuse mkutano, maana anayesusa humwachia mwingine kura yake. Tupeleke pendekezo letu kwa maandishi, kwa muda uliowekwa: uchaguzi wa tawi ufanyike siku ile ile ya mkutano wa mwaka, gharama ipungue na kura ibaki. Na likikataliwa kwa kura za haki, tutakubali, maana sheria tunayoidai kwao yatufunga na sisi.

Kila mmoja aje na karatasi yake na penseli. Umoja ni nguvu.