Maji ni Amana

Bismillahi. Ndugu zangu Waislamu wa Gitaza,

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa mkojo umekatazwa, basi sumu ya betri je?

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, kikafungwa 2014. Kiwanda kilikwenda zake. Risasi ikabaki udongoni na katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fedha haimrudishii mtoto akili yake.

Tena jueni ya kwamba kuchemsha maji huua vijidudu tu. Risasi haitoki kwa moto. Nasi tumekaa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika: kinachomwagwa juu hushukia mitungini mwetu.

Basi kabla ya kuchimba kisima, tuwaulize wazee mahali hapo palikuwa na nini. Palipokuwa na karakana au kiwanda, tusinywe mpaka maji yapimwe. Wala betri zisivunjwe karibu na mto. Maji ni amana, na amana tutaulizwa.

Wabillahi tawfiki.