Dai la Matibabu Lisilo na Kasoro: Wajibu wa Chama, Mwanachama na Zahanati

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kolo, Wilaya ya Kondoa)



Mkulima anapofikisha alizeti au ufuta wake ghalani, haondoki mikono mitupu. Huondoka na stakabadhi yenye jina lake, namba yake ya uanachama, tarehe, aina ya zao, daraja na uzito. Stakabadhi hiyo ikikosa uzito, au jina likiwa la mtu mwingine, mlipaji hawezi kutoa fedha, hata kama magunia yenyewe yapo ghalani na kila mtu anayaona. Jambo hilo kila katibu analifahamu, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa malipo yanapochelewa.

Dai la matibabu ni stakabadhi ya namna hiyo hiyo. Zahanati imekwisha kumtibu mwanachama. Kipimo kimefanyika na dawa imetolewa. Lakini Mfuko wa bima haukuwapo chumbani. Unachokiona ni dai peke yake, na siku hizi dai hilo mara nyingi hupelekwa kwa kompyuta na kukaguliwa na kompyuta kabla ya kuonwa na mtu. Kwa hiyo hapana budi liandikwe kwa mpangilio ule ule ambao mlipaji ameuweka, bila kupunguza wala kuongeza.

Watu wa Kolo wana mfano karibu nao. Michoro ya miamba ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni kumbukumbu iliyoachwa na watu ambao hawapo tena kuieleza. Wataalamu huitazama na kila mmoja akatoa maana yake. Katika sanaa hilo si kosa. Katika madai ya fedha ni hasara, maana kumbukumbu ya fedha yapasa isomwe kwa maana moja tu na mtu asiyemjua aliyeiandika.

Jinsi bima ilivyofika kwa mkulima

Uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Ili mwananchi wa kijijini asikwame siku ya ugonjwa kwa kukosa fedha taslimu, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kutoa huduma mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Baadaye ulipanua milango yake, na kukawako mpango uitwao Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima walio katika vyama vya ushirika. Mwaka 2018 CHF iliboreshwa nchini, na katika mikoa mingi kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Katika historia hiyo Mkoa wa Dodoma una sehemu ambayo wengi hawaijui. Kuanzia mwaka 2011 mradi wa afya uliofadhiliwa na Serikali ya Uswisi ulifanya kazi mkoani humu, na kutokana na kazi hiyo ukatengenezwa mfumo wa kompyuta ulioitwa IMIS. Waandikishaji waliwapiga wanakaya picha kwa simu huko huko vijijini, taarifa zikaingia katika daftari moja la mkoa, na vituo vikapeleka madai yao humo. Mfumo huo ulifunguliwa kwa mataifa mengine kwa jina la openIMIS, na Nepal ni miongoni mwa nchi zilizoutumia. Basi kazi ya kupanga madai kwa kompyuta si ngeni iliyoletwa Dodoma jana. Sehemu yake ilizaliwa hapa.

Sehemu za dai

Majina ya fomu hubadilika na mifumo hubadilika, lakini kila dai lina sehemu 4.

Ya kwanza ni mgonjwa: jina kama lilivyo kwenye kadi, namba ya kadi, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Ya pili ni mahudhurio: kituo gani, tarehe gani, mgonjwa wa nje au wa kulazwa, tabibu yupi aliyemwona, na namba ya idhini pale ambapo mlipaji huitoa baada ya kadi kuhakikiwa. Ya tatu ni ugonjwa, ambao huandikwa kwa msimbo. Ya nne ni huduma: kila kipimo na kila dawa kwa msimbo wake, idadi, bei ya kimoja na jumla.

Msimbo wa ugonjwa wastahili maelezo zaidi, kwa maana ndipo makosa mengi huzaliwa. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa ambayo kila ugonjwa umepewa herufi na tarakimu. Katika orodha ya 10, malaria imo kati ya B50 na B54, na shinikizo la damu la kawaida ni I10. Uzazi wa kawaida wa mtoto mmoja ni O80. Tazama sasa hatari iliyopo. Alama ya kwanza ya O80 ni herufi O, si sifuri. Alama ya kwanza ya I10 ni herufi I, si tarakimu 1. Karani akiandika 080 au 110, jicho la binadamu litapita bila kushtuka, lakini kompyuta itatafuta ugonjwa huo katika orodha yake isiuone. Mama amejifungua salama, mkunga amekesha, na dai limekataliwa kwa sababu ya alama moja.

Tarehe nazo zina mtego wake. Mwandishi akiandika 3/4, mmoja atasoma tarehe 3 Aprili na mwingine tarehe 4 Machi. Mifumo mingi ya kompyuta hutaka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Upangaji wowote wafaa ikiwa ndio ulioagizwa na mlipaji; kuchanganya mipangilio miwili katika bunda moja la madai hakufai kamwe.

Namba ya kadi ina ulinzi ambao yafaa makatibu waufahamu. Katika mifumo ya aina hii tarakimu ya mwisho huweza kuwa mlinzi wa zile zilizotangulia. Kanuni mojawapo ni kugawanya tarakimu za mwanzo kwa 7 na kuandika mwishoni kinachobaki. Chukua 12345678: ukigawanya kwa 7 hubaki 2, basi namba kamili ni 123456782. Mwandishi akikosea akageuza 3 na 4, akaandika 124356782, kompyuta itagawanya 12435678 na kuona kimebaki 3, sio 2. Papo hapo hujua kwamba namba imeharibika. Haijui iliyo sahihi. Inajua tu kwamba hii si yenyewe.

Kwa nini dai hukataliwa

Katika mfumo kama ule wa IMIS, dai huingizwa, hukaguliwa, huchakatwa, kisha huthaminiwa kwa malipo. Katika ukaguzi kompyuta huuliza maswali ya wazi. Je, namba hii ya kadi imo daftarini? Je, uanachama ulikuwa hai siku ya matibabu? Je, huduma hii imo katika orodha ya bei ya kituo cha ngazi hii? Je, yalingana na jinsia na umri wa mgonjwa? Je, idadi imezidi kiwango? Jibu likiwa baya, huduma hiyo hukataliwa, au dai zima.

Maswali mawili ya kwanza hayamhusu tabibu hata kidogo. Yanahusu uandikishaji na michango, nayo ni kazi ambayo chama huisaidia au huiharibu. Mwanachama aliyeandikwa katika leja ya chama kwa jina la utani, katika kitambulisho cha Taifa kwa jina la ukoo, na katika kadi ya bima kwa jina la tatu, ni watu watatu mbele ya kompyuta. Na mchango uliokatwa katika malipo ya mazao lakini ukakaa wiki kadhaa bila kupelekwa humwacha mwanachama akiamini ana bima, hali daftari la Mfuko linasema hana.

Hasara humwangukia nani

Baadhi ya watu hudhani kwamba dai likikataliwa, hasara ni ya Serikali. Na uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Zahanati imepeleka madai 200 kwa mwezi, na 30 yamekataliwa, kila moja likiwa la shilingi 5,000. Zimepotea shilingi 150,000. Kwa kiwango cha shilingi 30,000, huo ni mchango wa mwaka mzima wa kaya 5.

Fedha hizo ndizo ambazo zingenunua dawa za mwezi unaofuata. Zikikosekana, mwanachama mwenye kadi hufika dirishani akaambiwa dawa hakuna, aende dukani. Hununua kwa fedha yake, au huuza debe la mahindi kwa bei ya hasara ili mtoto apate dawa usiku huo. Mwaka ukiisha hasemi kwamba msimbo ulikosewa, hayo hayajui. Husema bima haina faida, na hachangii tena. Jirani yake naye husikia. Watu wakipungua Mfuko hudhoofika, na wanaobaki ni wale walio wagonjwa zaidi. Ndivyo kosa la kalamu linavyoweza kuvunja jambo lililojengwa kwa miaka.

Yampasayo kila mmoja

Katibu wa chama yampasa kwanza kuhakikisha kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa vya kila mwanachama na wategemezi wake vimeandikwa sawasawa na kitambulisho. Pili, kupeleka michango ndani ya muda, pamoja na orodha inayolingana na fedha iliyopelekwa: watu 84 katika orodha na fedha ya watu 81 ni ugomvi uliokwisha kuanza. Tatu, kuwa na daftari la siku za mwisho wa uanachama, ili wahusika wakumbushwe kabla ya siku hizo, na hasa kabla ya msimu wa masika ambapo malaria huzidi na fedha huwa haba. Nne, kumwuliza mara kwa mara mganga mfawidhi ni madai mangapi yaliyokataliwa na kwa sababu gani. Aulize hesabu na sababu, asiulize majina. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda jambo hilo.

Mwanachama yampasa kwenda na kadi yake, si ya ndugu yake. Aseme mapema jina likikosewa. Na asitie sahihi fomu iliyo tupu. Aisome kwanza, au asomewe na mtu anayemwamini: ni vipimo vingapi, ni dawa gani, na je, kweli amevipata? Fomu tupu yenye sahihi ni sawa na stakabadhi isiyo na uzito. Mwenye kalamu ataandika apendacho. Dai la uongo huibia wachangiaji wote, na kadi iliyoazimwa huchanganya historia ya ugonjwa wa watu wawili, jambo linaloweza kumdhuru mwenye kadi siku atakapotibiwa.

Zahanati nayo yapasa ihakiki kadi kabla ya huduma, iandike dai siku ile ile, na isikilimbikize hadi mwisho wa mwezi ambapo kumbukumbu imefifia. Mwandishi mmoja aandike na mwingine akague kabla ya kupeleka. Dai lililorudi lisomwe sababu yake, lisahihishwe na kupelekwa tena ndani ya muda ambao mkataba unaruhusu. Kulitupa kabatini ni kuitupa fedha ya wanachama.

Marekani, nchi yenye kompyuta nyingi na makampuni mengi ya bima, ilipata taabu hii hii. Kila mlipaji alikuwa na mpangilio wake, hata sheria ya mwaka 1996 ijulikanayo kama HIPAA ikafungua njia ya kuweka mpangilio mmoja kwa madai yote yanayopelekwa kwa elektroniki. Fundisho lake si kwamba mitambo huondoa makosa. Mtambo hukataa upesi zaidi kile kilichoandikwa vibaya, na kwa hiyo uangalifu wa mwandishi una thamani kubwa zaidi kuliko zamani.

Ndugu Wanachama, ushirika ulijifunza tangu mapema kwamba mizani ya haki na daftari safi ndiyo ngome ya mkulima. Mizani hiyo sasa imefika katika zahanati. Kila chama kifungue daftari lake la wanachama wa bima kabla ya mkutano mkuu ujao, kilinganishe majina na vitambulisho, na kilete mkutanoni hesabu ya madai yaliyolipwa na yaliyokataliwa, ili wenye mali waione na waijadili.