Reli ya Nachingwea na Harambee Yetu



Vijana wetu wengi hawajui kwamba wilaya hii iliwahi kuwa na reli. Ilikuwa ya upana wa mita 1, sawa na Reli ya Kati. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Kufikia mwishoni mwa 1949 treni zilitoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi kwetu. Baadaye njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara.

Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 London ikauacha mradi. Reli ikakosa mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Leo korosho zetu zinakwenda bandarini kwa malori.

Reli ile haikufa kwa sababu watu wa Kusini ni wavivu. Ilitegemea zao moja na mipango ya watu wa mbali, na wazee wetu hawakuulizwa.

Bweni la wasichana tunalolichangia leo ni dogo kuliko reli. Lakini tumelipanga wenyewe vikaoni, na kila mfuko wa saruji tunaununua wenyewe. Tukilimaliza, hakuna wa mbali atakayeamua lifungwe.

Tunawaomba mchange kwa kadiri mlivyojaliwa, na ahadi zilipwe kabla ya mvua.