Chuma kinapochomoka katika mpini

Leo tunasema juu ya shoka, na zaidi juu ya mpini wake. Wengine watauliza kama neno hili lina nafasi mbele ya Biblia. Linayo. Katika parsele zetu kuni zinapasuliwa kila siku, kwa maharagi ya nyumbani, kwa arusi, kwa kilio. Na Mungu mwenyewe alisema juu ya mpini wa shoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, mstari wa 5.

Watu wawili wanaenda msituni kukata miti. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Hapakuwa na chuki kati yao. Kwa ajili ya mtu kama huyo Mungu aliweka miji ya kukimbilia: Kedeshi, Shekemu na Hebroni ng'ambo ya magharibi ya Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Tunapenda kuhubiri juu ya miji hiyo kwa furaha, na ni haki. Lakini tusome pia Hesabu, mlango wa 35. Mtu huyo alipaswa kukaa ndani ya mji mpaka kuhani mkuu afe. Pengine mwaka mmoja, pengine miaka 30. Shamba lake liko kule, wazee wake wako kule, yeye hawezi kurudi. Hakuua kwa kusudi, na bado mpini umemtoa kwake. Na mjane wa yule aliyekufa, yeye alikimbilia wapi?

Wako wanaosema: ilikuwa ajali tu, hata Biblia inajua mambo hayo. Tuwe waangalifu hapa. Katika Kutoka, mlango wa 21, kuna habari ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Kama hakujulikana hivyo, mwenyewe hana hatia. Kama mwenyewe alionywa na hakumfunga, hukumu inabadilika kabisa, damu inakuwa juu yake. Basi shoka lililoanza kucheza tangu juma lililopita, parsele nzima inalijua, na bado tunampa kijana apasue kuni za kilio huku watoto wakizunguka: hilo ni ng'ombe aliyekwisha kujulikana.

Kwa hiyo tujifunze mpini wenyewe.

Huku kwetu Kivu mikaratusi iko kila mahali, na mti wake una nguvu. Shida ni haraka. Tunakata mchana, tunachonga jioni, kesho tunapasua kuni. Mti mbichi ukikauka unapungua, nafasi inafunguka katika tundu la chuma, na shoka linaanza kucheza. Mti wa mapera na mti wa kahawa ni migumu, inavumilia pigo vizuri. Kazi ni kupata kipande kilichonyooka. Avoka ni laini, tuiache. Sipre pia, hata kama imenyooka vizuri mpaka inatamanisha.

Ni vema kupasua kipande kutoka gogo nene kuliko kutumia tawi zima la duara. Tawi lina kiini katikati, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Tena, gogo likipasuliwa linafuata nyuzi zake lenyewe. Msumeno unaweza kuzikata bila sisi kuona. Nyuzi za mti zitembee kutoka kichwa mpaka mkiani. Zikitoka pembeni katikati ya mpini, hapo ndipo utavunjika. Kifundo kisiwepo, hasa karibu na chuma. Kisha kipande kikae kivulini miezi kadhaa, chenye unene zaidi ya ule tunaoutaka, na ncha zake zipakwe udongo au mafuta mazito ili zisikauke haraka na kupasuka. Baada ya kuchonga, tunakwangua kwa kipande cha chupa mpaka mkono upite bila kuchomwa.

Kwa shoka lenye tundu, mpini uingie kwa nguvu, na juu yake tupasue mfereji mdogo tutie kabari ya mti mkavu na mgumu. Misumari ambayo wengi wanapigilia pale inapasua mti kutoka ndani. Ukiingiza mpini, shika shoka chuma kikiwa chini bila kugusa kitu, ukagonge mkia wa mpini kwa nyundo ya mti. Chuma kitapanda chenyewe kwa uzito wake. Mashoka ya wahunzi wetu ni mengine: mkia wa chuma unapita ndani ya kichwa kinene cha mpini, na kila pigo linaukaza. Hayo yanachomoka mara chache, lakini kichwa cha mpini kinapasuka. Tutafute ufa.

Sasa lile jambo la maji. Karibu kila nyumba, shoka likilegea, linalazwa ndani ya ndoo. Asubuhi limekaza, tunafurahi. Lakini mti umevimba ukabanwa na chuma mpaka nyuzi zake zikapondeka. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana, na siku ya pili au ya tatu chuma kinaruka. Tubadilishe kabari, au tuchonge mpini mwingine. Mawese nayo hayakauki juu ya mti, yanafanya mkono uteleze. Na shoka lisilale nje limechomekwa kwenye gogo, kwa jua na mvua.

Tunafikiri hasa juu ya shoka la kanisa, lile linalotoka siku za kilio tu. Halina mwenyewe, basi hakuna anayelikagua. Awekwe mtu mmoja, awe shemasi au mama mmoja wa jikoni. Jioni kabla ya kuni, alitikise, aangalie kama kichwa cha mpini kimezama ndani ya tundu, na kama hajaridhika aseme hapana hata kama sufuria zinangoja. Tukienda kuazima kwa jirani, tulikague lile pia. Shoka lililozama Yordani siku za Elisha, katika Wafalme wa Pili, mlango wa 6, lilikuwa la kuazima, na ndiyo sababu yule mtu alilia. Watoto wasisimame mbele ya anayepasua wala nyuma yake, kwa maana chuma kinaweza kuruka pande zote mbili.

Na mwenye mti wa mapera ulioanguka asiutie wote motoni. Atenge vipande viwili vilivyonyooka, aviweke darini mbali na moto, mpaka kiangazi kipite.